Sweta la Zamu

Mimi ndiye niliyesema kwamba yule maiti ni baba. Hakuna mtu wa kumsukumia lawama hiyo, ingawa nimejaribu kwa miaka mingi, maana kujitetea ninajua kuliko kupika. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mdomo mwepesi, na askari aliyesimama kando yetu pale ufukweni alikuwa anatazama saa yake.

Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, wale samaki wadogo ambao watu wa kwingine huwaita dagaa. Tulikaa karibu na soko la Jabe, vyumba viwili na ua wa kuanikia, na mtaa mzima ulijua kama baba amepata au amekosa kwa harufu ya ua wetu tu. Alikuwa mkubwa wa chombo cha watu wanne: mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu katikati, na karabai zinazowashwa ili samaki wapande juu kuufuata mwanga. Watatu kati yao walikuwa Waislamu, yaani baba na ndugu wawili wa Rumonge, mbali kusini. Wa nne alikuwa Mkristo wa Carama, kijana mpole mwenye mke na mtoto mchanga.

Sasa nieleze habari ya sweta, maana ndilo lililoniponza. Mama alilifuma mwenyewe. Alinunua masweta mawili ya mitumba sokoni, akayafumua, akafuma moja la kahawia zito kama blanketi. Uzi wa kahawia ulipomwishia kwenye mkono wa kushoto akamalizia kwa kijani, kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Baba alicheka mpaka akakohoa, lakini alilivaa.

Katika chombo chao kulikuwa na kazi moja yenye baridi kuliko zote, nayo ni kutazama taa. Wengine wanapiga kasia, wanavuta kamba, damu inachemka. Mtazama taa anakaa tuli, hasemi, hatikisiki, macho kwenye maji mpaka aone samaki wamekusanyika. Walikuwa wanapokezana kazi hiyo, na baba akaweka sheria kwamba anayekaa kutazama ndiye anayevaa sweta. Zamu ikibadilika, sweta linavuliwa na kupewa mwingine. Wote wanne wakaliita sweta la zamu.

Mama alikuwa akinung'unika kila alipolifua. "Mi nilimufumia bwana yangu, sikufumia mutumbwi muzima. Ona, inarudi inanuka watu wane!"

"Baridi haijue ni bibi ya nani alifuma," baba alimjibu.

Mimi nilikuwapo. Nilicheka pamoja nao. Kwa hiyo nisiseme kwamba sikujua.

Vita vilikuwa vimekaa kwetu miaka, na ziwa nalo halikuachwa nje. Kuna majuma lilifungwa kabisa, kisha likafunguliwa kwa masharti: vyombo vitoke jua likiwa bado juu, majina ya wavuvi yaandikwe kwenye kituo cha askari, na mtu asikaribie nchi kavu mpaka kupambazuke. Chombo kinachokuja ufukweni gizani kilikuwa kinapigwa risasi bila kuulizwa kinabeba nini. Mvuvi akishikwa na upepo katikati ya ziwa alibaki huko huko, akiziona taa za mji na akijua hawezi kuzifikia. Baba alisema anaogopa upepo kidogo na taa za mji sana.

Upepo ulikuja siku moja ya kiangazi, ukavuma mpaka alfajiri. Ndani yake tulisikia milio ya risasi kutoka upande wa maji, mitatu au minne, kisha basi. Asubuhi vyombo vyote vilirudi isipokuwa cha baba. Mpaka leo sijui kama ni upepo au ni ile milio, na kila aliyeniambia anajua nilikuja kugundua kwamba hajui.

Tulikaa ufukweni siku sita. Mama, mimi, na yule mke wa kijana wa Carama. Watu wa Rumonge hawakuweza kuja, njia ilikuwa mbaya. Mwanamke wa Carama alitembea kila asubuhi tangu kaskazini kabisa ya mji, mtoto mgongoni, akivuka vizuizi vya barabarani vya watu waliomuuliza ni nani na anakwenda wapi. Alikuwa wa umri wangu. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akashika rozari yake, na alipochoka kusali alimwuliza mama namna ya kufuma. Mama alimwonyesha kwa vijiti viwili vya mchangani. Nilimpenda yule mwanamke, nalisema hili mapema ili ijulikane nilimfanyia nani niliyoyafanya.

Siku ya saba ikaja habari kwamba maji yametupa mtu upande wa kusini, na kwamba amevaa sweta la kahawia lenye mkono wa kijani. Mama alikaa chini palepale mlangoni. Nikaenda mimi pamoja na mjomba, kaka yake mama. Mjomba alikuwa fundi wa baiskeli, na pia ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kiume wa msikiti wetu tangu kabla sijazaliwa.

Maiti alikuwa amefunikwa mkeka. Askari aliinua ncha moja.

"Munamujua ao amumujue? Kama hakuna mwenyewe, saa tano tunamufukia hapahapa."

Uso haukuwa uso tena. Nilitazama mara moja, nikahamisha macho, nikayapeleka kwenye mkono wa kushoto. Kijani kilikuwapo, kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Nakumbuka nilisikia nafuu. Ni aibu kusema, lakini ndiyo kweli: baada ya siku sita za kutojua, kujua kulikuwa kama kutua mzigo.

"Ni baba," nikasema.

Mjomba alinigeukia. "Uko na hakika?"

"Mama njo alifuma, mujomba. Kuko nyingine kama iyi wapi?"

Askari akaandika jina la baba kwenye kipande cha karatasi ili tupite kwenye vizuizi. Mambo yakaenda mbio, kama yalivyokwenda mambo yote ya miaka ile. Mjomba alimwosha peke yake, alimtuma msaidizi wake kutafuta kafuri na hakumfungulia aliporudi. Alipotoka, nguo zake zilikuwa zimelowa mpaka kifuani na hakumtazama mtu. Nilidhani ni huzuni ya shemeji. Tulizika kabla ya adhuhuri na mama akaingia eda siku hiyohiyo: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila manukato, bila kutoka, akimhesabia siku mume wake.

Siku ya tatu mwanamke wa Carama alikuja kutupa pole. Alivua viatu, akakaa mkekani kati ya wanawake wa mtaa, akamshika mama mikono.

"Mwihangane, mama," alisema kwa Kirundi, yaani jipe moyo. Kisha akalia kidogo. "We uko na bahati. Uko na fasi ya kulilia."

Sweta, au tiriko kama tunavyoliita kwetu, lilikuwa limefuliwa na kukunjwa juu ya kasha. Aliomba alishike. Akalilaza magotini, akapitisha kidole kwenye ule mpaka wa kahawia na kijani.

"Bwana yangu alikuwa anaisema sana iyi tiriko. Anasema, zamu yangu ikifika napata joto ya mama wa Jabe."

Hakumaanisha lolote. Alisema tu, kama mtu anavyomkumbuka mwenzake. Lakini mimi nilibaki kwenye lile neno, zamu. Nilimwona mama akiinua macho, akalitazama sweta, kisha akanitazama mimi, na nikatoka kwenda kutazama maji ya chai ambayo yalikuwa bado hayajawekwa motoni.

Wageni walipokwisha kuondoka mama aliniita. Aliuliza polepole, kama anayeshika kitu cha moto.

"Kule ufukweni, uliona nini kando ya tiriko?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mwanzoni nilikosea, sawa, kila mtu hukosea. Hapa sikukosea, hapa nilidanganya. Baba alikuwa na kovu kwenye kidole gumba, alikatwa na kioo cha karabai.

"Niliona kidole chake, mama. Niliona na ile kovu."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwenye siku zake.

Sikuwa nimeona kidole chochote. Nilimpa mama kile alichohitaji kusikia, na kwa siku kadhaa nilijiona mtoto mwema. Kisha nikaanza kukosa usingizi.

Maana ilibidi mtu alete chakula, na mtu huyo nilikuwa mimi. Kila asubuhi, amri ya kutotoka usiku ikiisha, nilikwenda ufukweni kununua ndagala wa kuanika na kuuza. Na kila asubuhi yeye alikuwa palepale, juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mtoto mgongoni. Nilimsalimu. Alinisalimu. Aliniuliza mama anaendeleaje na eda. Nilianza kupita nyuma ya mabanda ili asinione, lakini mtoto wake alinijua, alikuwa akinipigia kelele.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Yeye hakukaa tu. Kila aliposikia maiti ameokotwa mahali, alikwenda. Na miaka ile maiti hawakukosekana. Alitazama watu wa watu, vijana, wazee, watu ambao hawajawahi kupanda mtumbwi. Alikuwa akirudi na kutusimulia sisi wauza ndagala, kwa sauti ya kawaida kabisa: huyu alikuwa mrefu mno, huyu alikuwa na jino la dhahabu.

Siku moja hakuonekana. Kesho yake akaja, midomo imepasuka kwa jua. Alikuwa amekwenda upande wa Gatumba, akazuiwa kwenye kizuizi tangu asubuhi mpaka alasiri, akakalishwa barabarani na mtoto huku watu wawili wenye bunduki wakibishana kama aende ama asiende. Kubishana kwenyewe, alisema, walikuwa wakibishana kwa kicheko. Alipofika, maiti alikuwa mwanamke.

"Usiende tena," nikamwambia.

"Nitaenda. Kuko mwengine wanasema Kabezi. Kesho nikitoka hapa, naenda."

Njia ya Kabezi siku zile hata magari ya mizigo yaliingoja ruhusa. Watu waliingia huko na hawakutoka. Nilimtazama yule mtoto mgongoni, analamba msalaba wa rozari ya mama yake, na nikajua kwamba wakifa wote wawili njiani, mimi ndiye nitakuwa nimewatuma. Niliacha ndagala wangu pale pale, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba.

Nilimkuta amepindua baiskeli, anatafuta tundu kwenye mpira.

"Mujomba, mi sikutazama uso. Nilitazama tiriko tu. Na ile tiriko walikuwa wanavaa wote."

Hakushtuka. Ndicho kilichonitisha. Aliendelea kuuzungusha mpira ndani ya beseni, akingoja mapovu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yule mutu hakutahiriwa. Nilijua tangu bakuli ya kwanza ya maji."

Ndugu wa Rumonge walikuwa Waislamu, wametahiriwa kama baba. Alibaki mmoja tu. Nilimfokea mjomba wangu barabarani, mbele ya wateja wake, maneno ambayo msichana hamwambii mkubwa. Nilimwuliza alikuwa muosha maiti au mwizi wa maiti. Aliniacha nimalize. Ndipo akafuta mikono.

"Muosha anafunika anachoona. Njo nilifundishwa, sijawahi kuvunja. Na tena, ungetaka niseme nini? Nitoke niseme siyo wetu? Yule askari angemufukia kwenye muchanga sawa imbwa. Nikasema huyu ni mutoto wa mutu. Nikamuvisha sanda, nikamuswalia. Halafu nikarudi nyumbani nikakuta dada yangu ameanza eda, kisha we ukamwambia umeona kovu." Akaurudisha mpira kwenye beseni. "Nikasema labda ni Mungu anataka hivyo. Nilikuwa muoga, mutoto yangu. Tulikuwa waoga wawili."

Hasira zangu zilikosa pa kukaa. Tulifunga kibanda, tukaenda kwa mama pamoja.

Mama alisikiliza akiwa amekaa kitandani. Zilikuwa zimebaki siku tisa za eda. Mjomba alipomaliza, mama hakumwuliza lolote. Aligeukia kwangu.

"Nilikuuliza. Ukanambia uliona kovu."

"Ndiyo, mama."

Alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga tangu nilipovunja ungo, na hakunipiga tena. Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake: "Miezi mine nakaa eda ya bwana wa mutu. Na wangu iko majini, hakuna hata mumoja anamutafuta." Nilipotaka kumshika alinisukuma. Mjomba akaanza kusema kwamba labda tungoje, siku tisa zimalizike, watu wasije wakasema. Mama akamkatiza: "Mficha uchi hazai, kaka. Na sisi tumeficha ya kutosha."

Kulipokucha tu, mama alitoka. Alikuwa katika nguo za eda, sweta kwapani, mimi na mjomba nyuma yake. Mjane anayetoka edani siku zake hazijaisha, mtaani kwetu ni jambo ambalo watu hukumbushana miaka ishirini baadaye. Wanawake waliokuwa wakifagia walisimama na mifagio yao. Mmoja akamwuliza kama ameshachoka na marehemu. Mama angeweza kumjibu, lakini jibu lingemlazimu kusema alichokiona muosha, na siri ile haikuwa yetu kuitandaza barabarani. Akapita. Ninawachukia wale wanawake mpaka leo, na wawili kati yao nimewazika.

Tulimkuta mwanamke wa Carama tayari amefunga mtoto kwa safari ya Kabezi. Alimwona mama, akasimama kwa heshima na kwa mshangao, maana alijua hesabu ya siku kama sisi.

Mama alimwekea sweta mikononi.

"Usiende Kabezi. Yule tulimuzika hakuwa wangu. Ni wako."

"Nani anasema?"

"Kaka yangu njo alimuosha."

Alimtazama mama muda mrefu. Mwanamke aliyeolewa hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

"Hakuwa kama wenu?"

"Hakuwa kama wetu."

Alikaa mchangani taratibu, kwa ajili ya mtoto. Hakupiga kelele. Alilifumbata sweta tumboni na mgongo wake ukawa unapanda na kushuka. Nilidhani atamlaani mama, ama mjomba. Alipoinua uso alinitafuta mimi.

"Kila asubuhi," alisema. "Kila asubuhi ulikuwa unanisalimia."

Nilimwomba msamaha, na alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana.

Tulikwenda makaburini watu wanne na mtoto. Mjomba alitangulia. Alimwonyesha mwanamke wa Carama kilima kidogo cha udongo ambacho mama alikuwa hajakiona hata yeye, kwa sababu ya eda, akamweleza alivyolazwa: kichwa upande wa milima, miguu upande wa ziwa, ubavu wa kulia chini.

"Na uso?" akauliza.

"Kaskazini. Sisi tunawaelekeza Makka."

"Kaskazini ni Carama," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa sauti. Mjomba alirudi nyuma akamwachia nafasi. Alisali kwa rozari yake, kwa Kirundi, mpaka mwisho, na hakuna aliyemharakisha. Alisema asifukuliwe. Nilidhani kazi yetu imekwisha.

Nilikuwa nimesahau kwamba mtu akipata kaburi, yuko mwingine amelipoteza. Kesho yake alfajiri mama aliniamsha. Tukashuka ziwani, na mama akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mtumbwi uliopinduliwa, akakaa pale alipokuwa akikaa mwenzake. Hakuwa na eda tena, wala mume. Akaniambia: "Wakisema kuko mutu ametupwa mahali, utaenda we. Na mara hii utazame uso." Nilikwenda, miaka yote iliyobaki ya vita, popote paliposemwa, nikatazama kila uso. Hakuwa yeye hata mara moja.

Lakini asubuhi ile ya kwanza bado sikuyajua hayo. Upepo ulikuwa unatoka majini na mama alikuwa na kanga moja tu mabegani. Vyombo vilianza kuonekana kwa mbali, kimoja kimoja. Nyuma yetu nilisikia mtoto akinipigia kelele.

Mwanamke wa Carama hakuwa na sababu ya kuja ufukweni tena. Alikuja hata hivyo. Alikuwa amelivaa sweta juu ya gauni lake. Alimpa mama heshima yake, akanikabidhi mtoto, akalivua, akasimama mbele ya mama akilishika wazi.

Mama hakubisha. Aliingiza mikono, akianza na ule wa kijani, macho yake bado kwenye maji.